Tukimbie pamoja au tusafiri pamoja tu?

Mwezi huu barua za ndugu zimekuwa nyingi kuliko za wachumba, sijui kuna nini. Wengi mnakwenda kukimbia kilomita 21 mbali na nyumbani, mnakwenda na kaka au dada, na kabla hata hamjapanda ndege mshaanza kununiana. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inanihusu, mtaona.

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni dada mkubwa, nina miaka 36, mdogo wangu wa kiume ana 28. Tumejiandikisha nusu marathoni nje ya nchi, tunaruka pamoja na tunafika siku mbili tu kabla ya mbio, na huko saa ziko mbele yetu kwa masaa 6. Sasa shida ni hii, mi kilomita moja naikimbia kwa dakika 7 na sekunde 15 na hapo ndo nimejitahidi, yeye anakwenda kwa 5 na sekunde 20 huku anapiga stori. Anasema tutakimbia pamoja mwanzo mwisho na nikichoka atanisukuma mpaka kwenye utepe kama yule mzungu aliyemsukuma mdogo wake. Mi naogopa nitamharibia mbio yake, halafu naogopa pia kumwambia aende zake maana ataona namkataa. Huyu mtoto mi ndo nimemfundisha kutembea, leo tukifanya mazoezi ananisubiri kwenye kila kona ameshika kiuno, ananikera jamani. Na siku moja kabla ya mbio anataka tuzunguke mji mzima kwa miguu. Nifanyeje? – Dada wa Nyuma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza tupige hesabu maana hesabu haina undugu. Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Kwa kasi yako utamaliza kwa masaa 2 na dakika 33 hivi, yeye akiachiwa peke yake atamaliza kwa saa 1 na dakika 52 na nusu. Hapo katikati kuna dakika 40. Dakika 40 sio kitu cha kusema "tutaona huko huko", mtu ndani ya dakika 40 ameshavaa medali, amepiga selfi, amekunywa maji na ameanza kusikia baridi.

Kwahiyo kabla hamjafunga mabegi muulize swali moja tu na usimpe nafasi ya kuzunguka: tunakimbia pamoja, au tunasafiri pamoja halafu kila mtu anakimbia zake? Vyote ni sawa. Kibaya ni kile cha katikati ambapo mmesema "pamoja" lakini kila mmoja kichwani ana pamoja yake, yeye anafikiri pamoja maana yake utaongeza kasi kidogo, we unafikiri atapunguza.

Nakwambia kwa sababu yalinikuta. Mi na kaka yangu tulikwenda kukimbia nchi ya watu, tukasema pamoja, hatukusema zaidi ya hapo. Kilomita ya 13 akaingia chooni, foleni ya watu sita, mi nimesimama nje natetemeka na jasho linanikaukia mwilini, dakika zinaenda. Akatoka anacheka. Kilomita ya 17 msuli wa nyuma ya mguu ukamkaza akawa anachechemea, na mi badala ya kumpa pole nikamwambia "si ungefanya mazoezi". Tukamaliza tumeongozana kama watu waliokutana kituo cha basi. Usiku ule tulikula kimya, mhudumu akadhani tumefiwa. Picha ya kwenye utepe ipo ukutani kwa mama mpaka leo, tumekumbatiana, kila mgeni anasema "hawa wanapendana" na mi nanyamaza.

Sasa mkiamua pamoja, ni kasi ya nani? Ya kwako. Hakuna mjadala hapo. Yeye kwenda kwa 7:15 atasikia ni polepole sana, miguu itamuuma kwa namna asiyoizoea maana hatua inabadilika, lakini moyo na mapafu vitakuwa vimepumzika. We ukienda kwa kasi yake utaishia kilomita ya 4. Na ile ya kukutana katikati, mtu akikwambia tugawane tofauti, kataa pia. Tuseme umevutwa ukakimbia kilomita 5 za kwanza kwa 6:30, umeokoa dakika 3 na sekunde 45, utafurahi kweli, halafu kuanzia ya 14 utaanza kuzirudisha na riba juu. Mwanzoni uwe unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukianza kumjibu "ee", "mm", mmeshazidisha, na hapo yeye ndo wa kupunguza, sio we kujikaza.

Kitu kingine ambacho wakimbiaji wanakijua lakini hawakisemi: mtu mwenye kasi akikimbia na wa polepole ana tabia ya kukaa nusu hatua mbele. Hajui kama anafanya. We unamwona bega lake liko mbele, unaongeza kidogo umfikie, naye bila kujijua anaongeza, mnajikuta mnakimbizana na hamjaongea neno. Mwambie akae sambamba na wewe au nusu hatua NYUMA, na akisahau umguse mkono tu bila maneno. Hiki kitu kimoja kitaokoa undugu wenu kuliko ushauri wangu wote. Na hiyo ya kukusubiri kwenye kona ameshika kiuno iishe kabisa, bora azunguke arudi akufuate.

Kuna njia ya kukimbia na kutembea pia, kama hujaifikiria. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia Olimpiki ya 1972, ameifundisha tangu miaka ya sabini: unakimbia dakika kadhaa, unatembea nusu dakika au dakika, unarudia, na unaanza kufanya hivyo mapema kabla hujachoka. Kwa ndugu wawili ina faida ya ziada kwamba mapumziko yanakuwa ya saa, saa ikilia mnatembea wote, hamna wa kumsubiri mwenzie wala wa kuona aibu. Ila mfanye nyumbani kwanza, sio mkaijaribie huko.

Mkiamua kila mtu zake, basi aende kweli. Asikae na wewe kilomita 3 halafu aondoke, maana akikaa na wewe mwanzoni ameharibu mbio yake na hajakusaidia chochote, mwanzoni kila mtu ana nguvu. Unapomhitaji mtu ni kuanzia kilomita ya 16 kwenda mbele, na huko yeye atakuwa ameshamaliza. Asirudi ndani ya njia na namba yake kifuani, mashindano mengi hayaruhusu mtu aliyemaliza kurudi barabarani. Lakini akitoka nje akaja kusimama pembeni kilomita ya 20 akakuita jina lile la utotoni, hiyo inatosha kabisa.

Hiyo ya kusukumwa sasa. Anayemsema ni Alistair Brownlee, Mwingereza, ilikuwa Cozumel kule Mexico, Septemba 2016, triatloni, yaani kuogelea, baiskeli halafu kukimbia, sio mbio tupu. Mdogo wake Jonny alikuwa anaongoza, zimebaki mita mia kadhaa, joto likamzidi akaanza kuyumba kama mlevi. Alistair akamfikia, akamshika bega, akamkokota mpaka mwisho na kumsukuma mbele yake, mdogo akawa wa pili na kaka wa tatu, aliyeshinda ni Msauzi, Henri Schoeman. Dunia nzima ililia. Mi pia nililia. Lakini wale walikuwa wanamichezo wa kulipwa na daktari yuko hatua chache pale, na Jonny alianguka hapo hapo akapelekwa hospitali. We ukifika hali ya kuyumba hutakiwi kusukumwa kwenda mbele, unatakiwa usimame, ulazwe kivulini, umwagiwe maji ya baridi na waitwe watu wa huduma ya kwanza. Hapa ndo ndugu ana thamani kubwa kuliko saa yoyote ya mkononi: mtu anayekujua tangu utotoni ataona mapema kwamba umeanza kuongea ovyo. Mkubaliane kabisa, mwenzangu akisema "simama" nasimama, tutabishana baadae.

Habari ya safari. Masaa 6 mbele ni mengi, mwili hujirekebisha kama saa moja kwa siku, na nyie mna siku mbili. Mbio zikianza saa 1 asubuhi ya kule, mwili wenu utakuwa unaona ni saa 7 usiku. Kwahiyo lengo la muda lisahau, hata huyo mwenye mbio zake, aende akimbie kwa raha. Siku nne tano kabla ya kuondoka anzeni kulala na kuamka mapema kidogo kidogo, nusu saa, saa moja. Mkifika, siku ya kwanza msikimbilie jua la alfajiri. Watu wengi wanakosea hapa: kwa tofauti ya masaa 6 kuelekea mashariki, jua la mapema linaweza kuusukuma mwili upande usiotakiwa kwa sababu kwenu bado ni usiku mkubwa, vaeni miwani ya jua mpaka kama saa 5 asubuhi, halafu kuanzia hapo mpaka alasiri mkae nje mnavyotaka. Usiku wa kuamkia mbio hamtalala vizuri, karibu hamna anayelala, usiogope, usiku wa maana ni ule wa kabla yake.

Kuzunguka mji siku moja kabla, hapana. Nimeshafanya ujinga huo, unajikuta umetembea kilomita 15 unatazama majengo na jioni nyayo zinawaka. Mwambie mji utakuwepo siku inayofuata, tena mtautembea na medali shingoni mkishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu. Kama hatulii mpe kazi, akachukue namba zenu. Ila aulize kwanza kama anaruhusiwa kukuchukulia na ya kwako, sehemu nyingi wanataka kila mtu aje mwenyewe na kitambulisho.

Viatu vya kukimbilia viende kwenye begi la mkononi pamoja na nguo ya mbio. Mi begi langu lilifika siku moja baada ya mbio, shirika silitaji, nikakimbia na soksi za kaka. Jeli zenu, zile paketi za sukari nzito za kula njiani, kumbuka viwanja vingi vya ndege vinazihesabu kama kimiminika, zisizidi mililita 100 kila moja na zikae kwenye mfuko wao, vinginevyo mtaziacha kwa askari. Kwenye ndege ndefu amka utembee kila baada ya muda, safari ikizidi masaa 4 kukaa tu kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Na msigombanie dirisha, anayeamka mara kwa mara akae njiani.

Mwisho kwenye hili, mstari wa kuanzia. Yeye pengine amepangwa kundi la mbele kwa sababu ya muda alioandika kwenye fomu, we uko nyuma. Kawaida mtu wa mbele anaruhusiwa kurudi nyuma, wa nyuma haruhusiwi kwenda mbele. Kwahiyo arudi yeye, na hatapoteza kitu, chipu, kile kidude cha kupima muda anachokimbia nacho, inahesabu kuanzia anapokanyaga zulia la kuanzia, sio bunduki ilipolia.

SWALI: Anti mambo. Dada yangu kaumia kifundo cha mguu wiki mbili kabla ya mbio, tiketi ya ndege imelipiwa, hoteli imelipiwa, tunafanana sana na mi nina mwili wa mazoezi ingawa kilomita 21 sijawahi kufika, nimewahi 12. Kanambia nichukue namba yake nikakimbie kwa jina lake. Kuna ubaya? – Kitindamimba

JIBU: Upo. Ukianguka barabarani watu wa huduma ya kwanza watasoma ile namba, watapata jina la dada yako, umri wake, magonjwa aliyoandika na dawa asizotakiwa kupewa. Watakutibu kama yeye. Halafu namba ya dharura watakayopiga ni ya nani, pengine ni ya kwako mwenyewe, simu ikalie mfukoni kwako umezimia.

Mbali na hilo waandaaji wakigundua wanaweza kuwafungia wote wawili. Waandikie uwaulize, wengine wana utaratibu wa kubadilisha jina mpaka tarehe fulani, wengine wanakubali kuhamishia mwaka ujao, wengine hawana huruma na hela imekwenda. Kama kuna mbio fupi siku hiyo hiyo, ya kilomita 10, jiandikishe hiyo kwa jina lako, kwa mtu aliyefika 12 utaifurahia. Na dada aende safari kama kawaida. Mtu aliyeumia akikaa nyumbani anatazama picha zako anaumia mara mbili, akija atakushikia koti.

SWALI: Mimi na pacha wangu tunataka tumalize tumeshikana mikono juu, mume wangu anasema tutaonekana washamba. Pia tunywe maji kiasi gani maana mmoja wetu anakunywa kila kituo hata hana kiu? – Pacha wa Pili

JIBU: Mwambie shemeji kwamba hata Olimpiki imetokea. Rio 2016, pacha wa Kijerumani Anna na Lisa Hahner walimaliza marathoni wameshikana mikono wanatabasamu, nafasi ya 81 na 82, na kweli walisemwa sana kwao, hata shirikisho lao la riadha liliwakosoa kwamba wamefanya Olimpiki kama mbio za kujifurahisha. Sasa nyie MNAKIMBIA mbio za kujifurahisha, nani atawakosoa? Mbio hizo hizo kulikuwa na pacha wengine wa Korea Kaskazini waliomaliza wa 10 na wa 11 kwa muda ule ule mmoja, na kulikuwa na mapacha watatu wa Estonia, Leila, Liina na Lily Luik. Shikaneni. Angalieni tu nyuma kabla hamjanyoosha mikono, maana kuna mtu anakuja anatafuta sekunde zake na nyie mmeziba njia kama mlango wa geti.

Kuhusu maji nimshike sikio huyo wa kila kituo. Kunywa ukisikia kiu, basi. Maji kuzidi yanapunguza chumvi kwenye damu na hilo linaua, sio utani. Watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston ya 2002, wakakuta 13 katika kila 100 chumvi imeshuka chini ya kiwango, na walio hatarini zaidi ni waliokunywa mpaka wakaongezeka uzito njiani na waliokaa barabarani muda mrefu. Mtu anayemaliza mbio amekuwa mzito kuliko alivyoanza, kuna kitu hakiko sawa. Na zile dawa za maumivu za aina ya ibuprofen ambazo watu wanameza asubuhi "kwa tahadhari", acheni, figo zinakuwa na kazi nyingi siku hiyo. Kingine, msinywe vitu sawa ati kwa sababu ni mapacha. Kila mmoja na jeli yake aliyoizoea mazoezini, tumbo halijui kwamba mlizaliwa pamoja.

SWALI: Mama yetu anasafiri na sisi watoto wawili kuja kutushangilia, hajawahi kuona mbio, ana miaka 67 na hachoki kuuliza maswali. Tumweke wapi? – Wawili wa Mama

JIBU: Msimweke mwisho. Kila mtu anawaweka wazazi mwisho na mwisho ndo kuna fujo, uzio, vipaza sauti, vichwa vya watu, atasimama masaa mawili na atawaona kwa sekunde tatu, kama atawaona. Tafuteni kwenye ramani sehemu kama kilomita ya 18 au 19 yenye kivuli na pa kukaa na choo karibu, ambapo anaweza kufika bila kuvuka njia ya mbio maana barabara zitakuwa zimefungwa. Kama njia inajizungusha ikapita sehemu moja mara mbili, hapo ndo pake, atawaona mara mbili.

Mwambieni mtapita upande gani wa barabara, kushoto au kulia kwa alivyosimama YEYE sio kwa mnavyokimbia nyie, hapa familia nyingi zimepotezana. Mwambieni saa ya ukutani mtakayopita, sio "kama dakika 130 baada ya kuanza", na muongeze robo saa ya kuchelewa kuanza. Vaeni rangi moja inayopiga kelele. Apu ya kufuatilia mwekeeni lakini mmwelezee kwamba inasoma pale tu mnapokanyaga mazulia, kwahiyo jina likiganda kilomita ya 10 kwa nusu saa haina maana mmoja wenu kazimia. Mtandao wa simu siku hizo unazidiwa, kwahiyo mahali pa kukutana mpange kabla, pawe kitu kisichohama, sanamu, mlango wa jengo, sio "karibu na lile gari jeupe".

Na mkubwa wenu akipita kwanza, mama asiondoke kumkimbilia mwisho, abaki palepale mpaka wa pili apite. Mpeni abebe kandambili jozi mbili, mtazihitaji kuliko maua.